Shajara ya Maandalizi ya Msimu wa Maigizo, Mombasa, Julai hadi Septemba 2026

Januari, wiki ya pili

Kamati ya michezo imekutana kwa mara ya kwanza tangu msimu uliopita ufungwe. Kabla ya kutaja jina la mchezo wowote, tulikubaliana kwamba kalenda ya mji ndiyo itakayoamua miezi ya maonyesho, nasi tutafute michezo inayoingia humo. Ramadhani mwaka huu inaangukia Februari na Machi. Baada ya Iddi huja masika, ambayo hapa Mombasa hushika kasi mwezi wa Mei, na mvua ya Mei ikipiga mabati ya ukumbi hakuna mwigizaji anayesikika, awe na koo la namna gani. Mwishoni mwa Agosti kuna Maulidi, na sisi si wa kushindana na Maulidi kutafuta hadhira. Oktoba mvua za vuli huanza kunyemelea, na Novemba watahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, wamo vyumbani. Ukiyaondoa yote hayo, unabakiwa na Julai, Agosti na Septemba, miezi ya kusi, ambapo joto limelegea na watu wako radhi kukaa ukumbini muda wa saa mbili bila kunung'unika.

Tumeichukua miezi hiyo mitatu, mchezo mmoja kila mwezi. Pazia la jioni litafunguliwa saa mbili na robo, baada ya Isha, ili asiwepo mtu anayelazimika kuchagua baina ya sala na sehemu ya kwanza ya mchezo. Wanaorudi Likoni wameomba tumalize kabla ya saa nne na nusu. Feri huvuka usiku pia, lakini matatu za ng'ambo hupungua, na mtazamaji anayewaza matatu haangalii jukwaa.

Januari, wiki ya nne

Mjadala juu ya *Mabepari wa Venisi* umekula jioni nzima. Wanaoutaka wana hoja nzito: ni hadithi ya mji wa bandari, ya tajiri aliyetia mali yake yote vyomboni na kuweka mwili wake rehani kwa mkopeshaji, na ni shida kupata mji wa pwani hii unaoijua vizuri zaidi habari ya chombo kilichochelewa kufika. Mwanachama mmoja akaongeza kwamba Shakespeare alifariki mwaka 1616, kwa hiyo mchezo ni wa kila mtu na hatuhitaji idhini ya yeyote.

Hilo ni kweli kwa Kiingereza chake tu. Kiswahili tunachotaka kukitamka jukwaani ni cha Julius Nyerere, katika tafsiri iliyochapishwa mwaka 1969, na tafsiri ni kazi yenye haki yake yenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda kazi ya fasihi kwa muda wote wa uhai wa mwandishi na miaka 50 zaidi, ikihesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki. Nyerere alifariki Oktoba 1999. Ulinzi huo, basi, unakwenda mpaka mwisho wa mwaka 2049. Idhini huombwa na hupatikana, lakini si jambo la kuliharakisha huku waigizaji wamekwisha kugawiwa nafasi. Tumeuweka mchezo huo kando kwa msimu mwingine, na barua ya maombi itaanza kuandikwa sasa. Mimi binafsi sikusikitika sana. Mchezo ule unamtaka mwigizaji mwenye uzito wa kumbeba yule mkopeshaji, ambaye kwa sasa hatunaye, na bila yeye kesi ya mahakamani hugeuka kichekesho.

Msimu sasa una sura hii. Julai ni *Bembea ya Maisha* ya Timothy Arege, ambayo ni kitabu teule cha fasihi katika shule za sekondari. Mchezo wa pili ni *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, na wa tatu ni mchezo wetu wenyewe juu ya Mombasa ya miaka ya 1820 na 1830, ambao bado hauna jina. Upi kati ya hiyo miwili utangulie Agosti na upi ufuate Septemba, bado tunabishana. Kwa michezo miwili ya kwanza tumewaandikia wachapishaji.

Kuhusu fedha sitazunguka: *Bembea ya Maisha* ndiyo inayoulipia msimu. Maonyesho ya asubuhi kwa wanafunzi, saa nne, yataleta mabasi ya shule, na basi moja la shule lina thamani kuliko wiki nzima ya mabango. Hata hivyo mhazini ametukumbusha jambo ambalo wengi hatukuwa tumelitia maanani. Gredi ya 10 imeanza mwezi huu chini ya mtaala mpya, na darasa la mwisho la mtaala wa zamani wa 8-4-4 liko kidato cha tatu, likisubiri KCSE ya mwaka 2027. Maana yake ni kwamba mwaka huu kuna vidato viwili tu vinavyokisoma kitabu hicho kwa ajili ya mtihani, na mwakani kitabaki kimoja. Kama kuna mwaka wa kuuigiza mchezo huu mbele ya wanafunzi, ni huu, tena kabla muhula wa pili haujafungwa mwishoni mwa Julai.

Februari, kabla ya mfungo

Tumekwenda kuupima ukumbi. Ni ukumbi wa jamii tuliouzoea, mrefu na mwembamba, wenye jukwaa dogo la saruji upande mmoja na mapanka sita darini. Mapanka ndiyo adui. Mwongozaji alimsimamisha kijana mmoja jukwaani asome ukurasa mzima kwa sauti ya kawaida ya mchezo, kisha sisi wengine tukasogea nyuma safu baada ya safu. Mapanka yakiwa yamezimwa, alisikika mpaka kwenye mlango. Yalipowashwa, maneno yalianza kukatika nusu ya ukumbi, na zaidi ya hapo tulibaki kuona mdomo ukifunguka. Kijana akaanza kupiga kelele, na mwongozaji akamwambia anyamaze, kwa kuwa mchezo wa kupigiwa kelele hauna siri ndani yake.

Kipaza sauti kilipendekezwa na kukataliwa papo hapo. Badala yake tumeamua kuliacha jukwaa la saruji kabisa. Waigizaji watacheza sakafuni katikati ya ukumbi, watazamaji wakiwa pande tatu, safu mbili za mbele wakikaa kwenye mikeka na nyuma yao viti. Kwa mpango huo hakuna mtazamaji atakayekuwa mbali na mwigizaji, na kwa kuwa Julai na Agosti ndiyo miezi yenye nafuu ya joto, mapanka yatawashwa wakati wa mapumziko tu. Tunapoteza viti kadhaa, na mhazini amelalamika kwa haki. Lakini afadhali watu wachache waliosikia mchezo wote kuliko ukumbi uliojaa viziwi.

Fundi wetu wa taa naye alikuja na hesabu yake. Taa kubwa za zamani tulizoazimwa ni za wati 1000 kila moja, na kwenye umeme wa volti 240 taa kama hiyo huvuta zaidi kidogo ya ampea 4. Soketi ya ampea 13, kwa hiyo, haibebi zaidi ya taa tatu, na soketi zote za upande wa kushoto wa ukumbi ziko kwenye mzunguko mmoja. Msimu uliopita tulilipata jibu la fumbo hilo gizani, katikati ya mchezo. Safari hii tutatumia taa nne tu za zamani, zikigawanywa kwenye pande mbili za ukumbi, na zilizobaki ziwe za LED, ambazo hula umeme mdogo na haziwachomi waigizaji. Jenereta itakuwepo nje, imefunikwa, kwa ajili ya usiku ambao stima itapotea.

Ramadhani

Mazoezi ya mwili yamesimama. Tumekuwa tukisoma mezani usiku baada ya tarawehe, barazani kwa mwanachama mmoja katika Mji wa Kale, na wasiofunga wamekuja pia, wengine kutoka Kisauni na Changamwe. Kusoma kwa kukaa kuna faida ambayo mazoezi ya ukumbini hayana: hakuna anayejificha nyuma ya mikono na miguu yake, na sentensi isiyoeleweka inajulikana mara moja.

Tumeimaliza *Kinjeketile*. Mchezo huu ulitoka mwaka 1969 na unatokana na vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa dhidi ya Wajerumani kusini mwa Tanganyika kuanzia 1905 hadi 1907. Wengi wetu tuliusoma shuleni kama mchezo wa umoja: makabila yaliyokuwa yakitiliana shaka yanakusanywa na mtu mmoja aliyechukuliwa na Hongo, pepo wa maji, akazama majini na kutoka na maji yatakayowafanya wasidhurike na risasi. Kwa kusoma polepole tumeona kwamba moyo wa mchezo uko mahali pengine. Katika utabiri wake Kinjeketile anasema kwamba Wajerumani wakishaondoka, watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Omani na Zanzibar. Kisha, akili zikimrudia, neno hilo hilo ndilo linalomtia mashaka, kwani anauliza ni ukombozi gani wa kumtoa bwana mmoja na kumwingiza mwingine. Wenzake wameshika silaha, wanataka neno moja tu kutoka kwake, naye anasitasita.

Msomaji alipolitaja jina la Seyyid Said, baraza ilichangamka ghafla. "Huyu naye mpaka Rufiji?" akauliza dada mmoja, na watu wakacheka. Mahali pengine jina hilo laweza kupita kama jina lolote la kitabuni. Hapa ni jina la mtu aliyeutwaa mji huu mwaka 1837, baada ya kuwaandama Mazrui, ukoo uliokuwa ukiutawala, kwa miaka, na mchezo wetu wa tatu unahusu habari hiyo hiyo.

Jambo hilo limeumaliza ubishi wa mpangilio. Mwongozaji alikuwa akitaka mchezo wetu wa Mombasa uje Agosti ili upate wageni wa likizo, na *Kinjeketile* ifuate. Sasa amekubali kinyume chake. Mtazamaji akishamwona Kinjeketile akiliogopa jina hilo akiwa mbali nalo, atakuja Septemba kuwatazama watu waliokuwa na mwenye jina hilo mlangoni mwao, na hatutahitaji kumweleza chochote kwenye karatasi ya programu.

Machi, baada ya Iddi

Nafasi zimegawanywa. Kwa Yona wa *Bembea ya Maisha* tulikuwa na watu wawili, na tumemchagua yule anayemcheza mlevi kwa kujizuia, anayejitahidi kutembea sawasawa, kuliko yule anayepepesuka. Wanafunzi watacheka kidogo zaidi kwa huyo wa pili, lakini Sara akiwa mgonjwa na Neema akiwa anahangaika na gharama za matibabu, kicheko kingi kitawaharibia. Onyo limetolewa kwa wote: hadhira ya asubuhi itakuwa imekikariri kitabu, na mwigizaji akiruka mstari atasahihishwa kwa sauti kutoka kwenye mkeka wa mbele.

Kinjeketile atachezwa na ndugu yetu anayefanya kazi bandarini kwa zamu. Ratiba ya mazoezi imetundikwa kufuata zamu zake, si zamu zake kufuata ratiba yetu.

Aprili, wiki ya tatu

Rasimu ya mchezo wetu imesomwa mbele ya wazee. Hili lilikuwa sharti tulilojiwekea tangu mwanzo, kwa kuwa habari tunayoisimulia si ya watu waliokwisha. Jamaa zao wamo mjini, baadhi yao wamo kwenye kikundi hiki.

Kwa ufupi, mchezo unakwenda hivi. Mazrui wanautawala mji, na Seyyid Said anautaka. Mwaka 1824 wanatweka bendera ya Waingereza juu ya Ngome, yaani Fort Jesus, chini ya ulinzi wa Kapteni Owen, na mwaka 1826 ulinzi huo unaondolewa, kwa kuwa serikali ya Uingereza yenyewe haikuukubali. Mashambulizi yanafuata na kurudishwa. Kisha mji unapasuka kutoka ndani. Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa mji, ambao ni Tisa Taifa na Thelatha Taifa, hawako tena kitu kimoja, na upande wa Thelatha Taifa, wakiwemo Wakilindini, kuna wanaoelekea kwa Seyyid Said. Mwaka 1837 anaingia Ngomeni, na wakuu wa Mazrui wanakamatwa na kupelekwa uhamishoni Ghuba ya Uajemi.

Rasimu ya kwanza iliupitia mpasuko huo kwa haraka. Kulikuwa na onyesho moja fupi usiku, watu watatu wamejitanda mashuka, wanazungumza kwa kunong'ona na kuondoka kwa mashua. Hadhira ingeelewa kwamba hawa ni wasaliti na kuendelea mbele. Wazee walisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Kisha mmoja wao, ambaye tulidhani amesinzia, akamgeukia mwandishi wetu: "Mwanangu, mtu hendi kwa adui yake bila ya kusukumwa. Na alomsukuma naye mwandikeni."

Mwandishi alijitetea kidogo, kwa adabu, kwamba muda wa mchezo hautoshi kwa pande zote. "Basi punguzeni mizinga," mzee akajibu, na akaomba kahawa.

Tumepunguza mizinga. Mapigano ya baharini, ambayo mtu wa mandhari alikwisha kuyachorea mashua mbili za plaiwudi, yameondolewa yote, na nafasi yake imechukuliwa na baraza la mchana, wazi, ambapo wakuu wa Thelatha Taifa wanaeleza kwa nini wamechoka na utawala wa Ngomeni, na wakuu wa upande wa pili wanawajibu. Onyesho la kunong'ona limebaki, lakini sasa linakuja baada ya baraza hilo, na wale watu watatu tunawajua majina na tunajua walichokosa. Baraza hilo ni onyesho refu kuliko yote mchezoni, halina tendo hata moja isipokuwa kusimama na kukaa, na nadhani ndilo lililo zuri kupita mengine. Mtu wa mandhari hajatusamehe.

Jambo jingine lililojadiliwa siku hiyo ni Muyaka. Huwezi kuuweka jukwaani mji wa wakati ule bila yeye: Muyaka bin Haji aliishi hapa takriban kutoka 1776 hadi 1840, aliwaunga mkono Mazrui kwa ulimi wake, na mengi tunayojua juu ya hisia za mji siku zile tunayajua kwa mashairi yake. Tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyahifadhi, na William Taylor akayaandika. Wapo waliotaka Muyaka awe mhusika mkuu, azungumze kwa beti mchezo mzima. Uamuzi ni kwamba atakuwepo lakini hataongoza. Atakaa kwenye kibaraza pembeni, atawatazama wengine, na beti zake zitasikika baina ya maonyesho kwa sauti moja bila ala.

Mwigizaji wake ameanza kufunzwa na mtu anayeyajua mashairi. Somo la kwanza lilikuwa la pumzi. Mshororo una mizani kumi na sita, nane na nane, na kijana alikuwa akivuta pumzi popote inapomwishia, mara baada ya mizani tano, mara baada ya kumi na moja, kwa hiyo ubeti ulisikika kama taarifa ya habari. Mwalimu wake alimpigia mizani kwa vidole mezani na kumzuia asipumue mpaka ya nane. Baada ya robo saa kijana alikuwa anatokwa na jasho, lakini ubeti ulikuwa umesimama, na hata sisi tusiojua kanuni tulisikia tofauti.

Mei

Mvua. Mazoezi yamefanyika kwa kubahatisha, na mara kadhaa ukumbi uliingiwa na maji upande wa mlango. Mikeka imeanikwa. Mashono yameendelea: kaniki kwa watu wa *Kinjeketile*, khaki kwa askari wa Kijerumani, kanzu na vilemba kwa mchezo wa Septemba. Mama anayetushonea ametukatalia kanga za kisasa katika mchezo wa mwaka 1837, na ana haki kabisa. Mavazi ya kina mama yatakuwa ya vitambaa vya rangi moja.

Juni, wiki ya kwanza

Tatizo la ngoma limepatiwa njia. Katika *Kinjeketile*, Hongo anapomchukua mtu wake na kumwingiza majini, mwongozaji alitaka mdundo wa ngoma za pepo, ule ambao watu wa hapa wanaufahamu bila kuelezwa. Mpigaji wetu mkuu, ambaye amezipiga ngoma hizo zinakopigwa kweli, alizishika, akazijaribu kwa ncha za vidole, halafu akaziweka chini. Alisema midundo ile ina wenyewe, haipigwi kwa mchezo, na ukumbini patakuwa na watu ambao hatujui wakiisikia watafanya nini. Waigizaji wawili, mmoja Mkristo na mmoja Mwislamu, walisema kwamba wao pia hawakuwa na raha nayo, ila walinyamaza kwa kumwonea haya mwongozaji.

Mpigaji ametunga mdundo wake mwenyewe. Unaanza kama ule wa kweli, kwa ngoma moja ndogo, na mahali ambapo ngoma ya pili ingeingia panabaki kimya, kisha ile ndogo inaanza tena upya. Sikio linaendelea kuisubiri ngoma ya pili ambayo haiji. Kinjeketile anapotoka majini, hapo ndipo inapoingia, na inaingia kwa mdundo mwingine kabisa. Tumeujaribu mara mbili kwa mapanka yaliyozimwa. Mwongozaji, ambaye si mtu wa kusifu, alisema tusiuguse tena.

Juni, wiki ya tatu

Tulikwenda Ngomeni kutazama mahali pa mchezo wa tatu. Nia yetu ni kuucheza wazi, ndani ya kuta zenyewe, kwa sababu habari nzima inahusu nani anayezikalia. Ngome ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, iko chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na tangu mwaka 2011 imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Barua ya maombi imepelekwa pamoja na mchoro wa mandhari. Tumejiwekea kanuni kwamba hatutapiga msumari hata mmoja wala kuegemeza kitu chochote ukutani: kila kilicho chetu kitasimama kwa miguu yake na kutoka usiku ule ule. Mtu wa mandhari, aliyenyang'anywa mashua zake, amefurahi kupata tatizo jipya, na anajenga milango miwili inayokunjika ambayo itabebwa na mkokoteni mmoja kupitia Ndia Kuu.

Tulijaribu pia sauti. Kusi la Septemba hutoka baharini, na Ngome imeikabili bahari. Mwigizaji akisimama akiwa amelipa kusi mgongo, maneno yanachukuliwa kuelekea kwa watazamaji na kusikika vizuri kuliko ukumbini. Akigeuka tu kulielekea, anapotea. Kwa hiyo baraza la Tisa Taifa na Thelatha Taifa limepangwa upya ili wanaosema wawe upande wa bahari na wanaosikiliza wawe wamewapa watazamaji mgongo, na zamu ya kusema ikibadilika, watu nao wabadilishane mahali. Mwandishi amelalamika kwamba hakuna baraza ambalo watu huzunguka hivyo. Mwongozaji amemjibu kwamba kuna jukwaa ambalo watu huzunguka hivyo, na tumeendelea. Idhini ikikosekana, mchezo utarudi ukumbini na mpangilio huo hautahitajika.

Juni, wiki ya nne

Hali ilivyo leo. Idhini za michezo miwili iliyochapishwa zimefika, na masharti yake yamesomwa kwa waigizaji wote, likiwemo la kutobadili maneno ya mwandishi. Maombi ya leseni yamewasilishwa pamoja na nakala za michezo yote mitatu; leseni ya *Bembea ya Maisha* imetoka, nyingine mbili zinasubiriwa. Jibu la Ngomeni linasubiriwa pia. Tiketi zimepangwa kuwa shilingi 300 kwa mtu mzima na shilingi 100 kwa mwanafunzi, mwalimu anayeleta darasa akiingia bure.

Mchezo wa tatu bado hauna jina. Majina mawili yamependekezwa, na yote mawili yanaegemea upande mmoja wa baraza lile, kwa hiyo wazee wataulizwa tena kabla ya mabango kuchapishwa. Nafasi ya Kapteni Owen haijapata mtu. Kuna mwanachama mwenye Kiingereza kizuri, lakini Owen wetu anazungumza Kiswahili kibovu kwa makusudi, na yule ndugu hawezi kukiharibu Kiswahili chake hata akishurutishwa.

Mazoezi ya kwanza ya *Bembea ya Maisha* kwa mavazi na taa yatakuwa Jumamosi, saa kumi alasiri. Fundi wa taa amepewa ufunguo wa ukumbi tangu Ijumaa, na walio upande wa mandhari wafike saa nane kutandika mikeka.